Chanzo ni Pale Jambo Linapoanzia

Hotuba kwa wanafunzi wanaoandika kazi zao za mwisho wa masomo, Lubumbashi

Walimu wenzangu, wazazi mlioacha shughuli za Jumamosi kuja kutusikiliza, na ninyi wanafunzi ambao kikao hiki ni chenu, jambo kwenu nyote.

Nimeombwa niseme namna ya kujua kama habari iliyopatikana kwenye intaneti inafaa kuingia katika kazi ya utafiti. Ningeweza kuwasomea masharti yale yanayobandikwa kwenye kuta za maktaba: angalia mwandishi, angalia tarehe, angalia anwani ya tovuti. Si masharti mabaya, lakini miaka ninayofundisha mbinu za utafiti imenionyesha kwamba mwanafunzi anaweza kuyakariri yote na bado akaniletea upuuzi wenye tanbihi zilizopangwa vizuri. Kwa hiyo nitaanza na neno moja tunalolitamka kila siku bila kulisikiliza, nalo ni chanzo. Chanzo kimetokana na kuanza. Chanzo cha mto ni pale maji yanapotoka ardhini, hata kama wewe uliyateka mbali huko chini. Ukurasa unaorudia maneno ya ukurasa mwingine haujawa chanzo cha maneno hayo. Umeyapokea njiani na kuyapitisha.

Katika kartie nyingi (mitaa) za mji wetu maji hununuliwa kwa bidoni, yaani dumu, na mama mwenye nyumba hamwulizi mchuuzi kama bidoni lake linang'aa kwa nje. Humwuliza ameyateka wapi. Mabidoni kumi yaliyojazwa kwenye kisima kimoja yana maji ya kisima kimoja, na kisima hicho kikiwa na uchafu, wingi wa mabidoni hautawasaidia watakaokunywa.

Miaka miwili iliyopita alinijia binti mmoja na rasimu ya kazi yake kuhusu upatikanaji wa maji katika Katuba, mojawapo ya komini (wilaya) za mji wetu. Kwenye ukurasa wa kwanza alikuwa ameandika idadi ya wakaaji wa Lubumbashi mpaka mtu wa mwisho, na chini yake akaweka tanbihi tano. Nikamwuliza: nani aliwahesabu? Akacheka, akidhani namtania. Basi tukakaa, simu yake yenye kioo kilichopasuka pembeni ikiwa katikati yetu, na mega zake chache za intaneti tukazitumia kufuata zile tanbihi moja baada ya nyingine. Ya kwanza ilikuwa tovuti ya takwimu za miji ya dunia, na kule chini kabisa, kwa herufi ndogo, ilisema kwamba imechukua makadirio ya Umoja wa Mataifa. Ya pili ilikuwa ya wakala wa safari, isiyotaja kitu, ila sentensi yake ilifanana neno kwa neno na ile ya kwanza. Ya tatu ilikuwa makala ya gazeti iliyosema tu "inakadiriwa". Ya nne ilikuwa ensaiklopedia ya mtandaoni, na tanbihi yake ikaturudisha kwenye tovuti ya kwanza. Ya tano ilikuwa memwari, yaani kazi ya mwisho wa masomo, ya mwanafunzi mwingine, naye alikuwa amemnukuu yule wakala wa safari.

Tulikuwa bado hatujafika mwisho, kwa sababu kisima chenyewe nacho kilihitaji kuchunguzwa. Nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ilihesabu watu wake kwa mara ya mwisho mwaka 1984. Tangu hapo vita vimepita, migodi imefungwa na kufunguliwa, watu wamehama kutoka vijijini na kutoka mikoa mingine kuja Haut-Katanga, na hakuna aliyepita nyumba kwa nyumba nchi nzima kuwaandika. Idadi yoyote ya wakaaji wa Lubumbashi mnayoikuta leo, iwe chini ya milioni mbili au zaidi ya milioni mbili na nusu, ni hesabu iliyopigwa mezani kwa kukisia kasi ya ongezeko. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa hawakumdanganya mtu. Wao wenyewe wanasema kwamba ni makadirio. Kosa ni la yule aliyelifuta neno hilo njiani, kisha wengine wakaipokea namba kama kwamba imetoka kwenye daftari la sensa. Ndiyo maana siku hizi nikiona idadi ya watu inayoishia na tarakimu kama 417, huwa naishuku zaidi kuliko ile iliyoandikwa kwa maelfu kamili, kwa maana usahihi huo ni wa kikokotoo.

Sasa, kabla ya kufuata maji hadi kisimani, mna haja ya kujua kama bidoni lenyewe linastahili muda wenu. Mwaka 2017 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, Sam Wineburg na Sarah McGrew, walitoa utafiti ambao naupenda kwa sababu uliwaaibisha kidogo watu wa aina yangu. Waliwachukua wanahistoria 10 wenye shahada ya udaktari, wahakiki wa habari 10 na wanafunzi 25, wakawapa tovuti za kupima. Katika jaribio mojawapo walionyeshwa vyama viwili vya madaktari wa watoto vyenye majina yanayokaribiana sana: kimoja kimekuwapo tangu 1930 na kina makumi ya maelfu ya wanachama, kingine ni kikundi kidogo kilichoanzishwa mwaka 2002 na watu waliotofautiana na kile kikubwa juu ya mambo ya familia. Wanafunzi, pamoja na wanahistoria wengi, walikaa kwenye ukurasa wakausoma kwa makini kutoka juu hadi chini, wakatazama nembo, mpangilio, orodha ya marejeo, na herufi za mwisho za anwani. Wengi walidanganyika, au hawakuweza kukata shauri. Wahakiki hawakukaa. Baada ya muda mfupi waliuacha ukurasa, wakafungua kurasa nyingine kando yake na kuuliza: watu wengine wanasema nini juu ya chama hiki?

Wazazi waliopo hapa hawatashangaa. Kijana akija kuposa, hakuna familia inayomaliza uchunguzi kwa kumsikiliza yeye mwenyewe akijieleza sebuleni, hata awe amevaa suti. Mjomba hutumwa kartie anakotoka, akaulize majirani. Mwanafunzi anayesoma sehemu ya "Sisi ni nani" ya tovuti na kuridhika amemwuliza mposaji kama ana tabia njema. Andikeni jina la tovuti, la shirika au la mwandishi kwenye kitafutio, kisha someni wengine wamesema nini. Hiyo ni kazi ya dakika tatu, na inagharimu mega chache kuliko kupakua ripoti ya kurasa 90 ambayo baadaye mtaitupa. Na zile herufi za mwisho za anwani zisiwatie kiwewe: anwani inayoishia na .org inaweza kununuliwa na mtu yeyote mwenye dola kadhaa.

Hapa wengi huniambia: basi, mwalimu, tutatumia tovuti rasmi tu, za serikali, na tutakuwa salama. Mimi ni mtu wa mji huu, na siwezi kulipokea jibu hilo. Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa nchi yetu, pamoja na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito waliletwa kwa ndege hapa, wakati mji ukiitwa Élisabethville, na usiku ule ule wakapigwa risasi porini, upande wa Shilatembo. Tarehe 13 Februari, karibu mwezi mzima baadaye, Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga iliyokuwa imejitenga, alitangaza kwamba wafungwa hao walikuwa wametoroka wakauawa na wanakijiji, na akakataa kukitaja kijiji chenyewe. Tangazo lile lilikuwa rasmi kwa kila kipimo: lilitoka kwa waziri, lilikuwa na tarehe, lilichapishwa magazetini. Lilikuwa uongo. Ilichukua kazi ya watafiti wengi, kisha tume ya bunge la Ubelgiji iliyotoa ripoti yake mwaka 2001, kuweka hadharani jinsi mambo yalivyokwenda na jinsi baadhi ya mawaziri wa Ubelgiji walivyobeba lawama.

Je, mwanafunzi wa historia alitupe tangazo la Munongo? Hapana, na hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu ndipo wengi wanapoteleza. Tangazo lile ni chanzo kizuri sana cha jambo moja: kile ambacho serikali ya Katanga ilitaka watu waamini mwezi wa Februari 1961. Kwa habari ya jinsi Lumumba alivyokufa, halina thamani. Swali la kuaminika halijibiwi kwa tovuti nzima wala kwa taasisi nzima. Linajibiwa kwa kila dai peke yake, kwa kuuliza kama msemaji aliweza kulijua na kama alikuwa na sababu ya kulipindisha. Kampuni ya madini ikiandika kwenye tovuti yake kwamba imechimba tani fulani za shaba, inaweza kuwa inajua kuliko mtu mwingine yeyote. Ikiandika kwamba wanakijiji wa jirani wanaishi kwa furaha, nendeni mkawaulize wanakijiji.

Kuhusu majarida ya kisayansi, naona heshima yetu kwayo imekuwa kama ya mtu anayevua kofia kabla ya kumtazama aliyeingia. Tarehe 22 Mei 2020 The Lancet, jarida kubwa la tiba la Uingereza, lilichapisha utafiti juu ya hydroxychloroquine, dawa ya malaria iliyokuwa ikijaribiwa kwa korona, uliodai kutumia taarifa za wagonjwa 96,000 wa korona kutoka hospitali 671 katika mabara sita. Majaribio ya dawa hiyo yaliyokuwa yakisimamiwa na Shirika la Afya Duniani yalisimamishwa kwa siku kadhaa kwa sababu yake. Wataalamu walioandika barua ya wazi walitilia shaka mambo mengi, likiwamo hili: taarifa za kielektroniki zenye kina kiasi kile, kutoka hospitali za Afrika, zilipatikana wapi? Nadhani mama yeyote aliyewahi kumpeleka mtoto hospitalini na fishi (kadi) ya karatasi mkononi angeuliza vivyo hivyo. Kampuni iliyosema kwamba ndiyo yenye taarifa hizo haikukubali zikaguliwe, na tarehe 4 Juni makala ikaondolewa kwa ombi la watatu kati ya waandishi wake wanne. Angalieni sasa hatari iliyobaki. Ukifungua ukurasa wa jarida utaona tamko kwamba makala imeondolewa. Lakini yule aliyeipakua tarehe 25 Mei, akaihifadhi kwenye flashi na kumpa mwenzake, mwenzake naye akaituma kwenye kikundi cha WhatsApp cha promosheni nzima, yaani wanafunzi wote wa mwaka wao, amesambaza nakala safi isiyo na alama yoyote. Kwa hiyo faili mliyopewa na mwenzenu irudisheni kwenye ukurasa wake wa asili kabla ya kuinukuu.

Yapo pia majarida ambayo ni maduka tu. Mimi mwenyewe niliwahi kuandikiwa barua pepe tamu na jarida moja, sitalitaja, likisifu "mchango wangu mkubwa". Nikalipa dola 120, makala yangu ikakubaliwa baada ya siku tatu, na baada ya miaka miwili tovuti yote ilikuwa imetoweka pamoja na makala. Siku tatu! Kusoma kazi ya mwenzako kwa haki huchukua wiki, mara nyingi miezi. Nilipaswa kujua.

Tarehe nayo ina mitego yake, na mfano ulio karibu nasi ni Sheria ya Madini. Mwanafunzi wa sheria au uchumi akitafuta mrabaha wa kobalti, yaani malipo ambayo kampuni huilipa serikali kwa madini hayo, atakuta hati zilizoandikwa kwa umakini zikisema asilimia 2. Ni kweli tupu, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2002. Sheria ilirekebishwa Machi 2018, madini ya kundi hilo yakapandishwa hadi asilimia 3.5, na kabla mwaka haujaisha kobalti ikatangazwa kuwa madini ya kimkakati, ikafika asilimia 10. Hati ya mwaka 2010 haikukosea. Anayekosea ni yule anayeinukuu leo kwa kitenzi cha wakati uliopo. Tena jihadharini na tovuti zinazoandika juu ya ukurasa tarehe ya leo kila zinapofunguliwa. Tafuteni tarehe ya maandishi yenyewe, na kwa mambo ya sheria someni andishi lililochapishwa katika Gazeti Rasmi la nchi, si muhtasari wa wakili.

Ensaiklopedia ya Wikipedia sitaizungumzia sana, kwani imeshatukanwa vya kutosha na walimu wanaoisoma kwa siri. Itumieni kama mlango: nendeni moja kwa moja kwenye tanbihi zake, mfungue zile zinazofunguka, na mtazame historia ya ukurasa ili mwone nani alibadilisha nini. Ila mkumbuke kwamba ukurasa wa Kiingereza kuhusu vita moja ya Bicholim, kule India, vita ambayo haikutokea kamwe, ulikaa pale tangu 2007 hadi mwishoni mwa 2012, na ulikuwa umepewa alama ya makala nzuri. Ulikuwa na marejeo tele. Vitabu vyenyewe havikuwapo. Kuhusu picha, tafuteni kwa picha badala ya maneno, na mara nyingi mtaona kwamba ile picha ya mgodi inayosambazwa kama ya Kolwezi ilipigwa nchi nyingine, tena miaka mingi iliyopita.

Nije kwenye jambo ambalo najua limewaleta wengi wenu hapa. Tangu ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma mwishoni mwa Novemba 2022, nimepokea rasimu zenye marejeo mazuri kuliko ya maprofesa: jina la mwandishi, mwaka, jarida, namba ya toleo, kurasa. Mwaka jana kazi moja ilinitaja mimi mwenyewe kama mwandishi wa makala ambayo sijawahi kuiandika. Kichwa chake kilikuwa kizuri mno, nusura niidai. Programu hizi hupanga maneno kulingana na yale yanayoelekea kufuatana. Zikiombwa rejeo, zinaweza kutunga kitu chenye umbo la rejeo. Mwezi wa Juni 2023 jaji mmoja wa New York aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa sababu walimpelekea hati yenye hukumu za kesi ambazo hazikuwahi kuwapo, zilizotungwa na programu hiyo. Wale walikuwa watu wazima wenye leseni. Sisemi msiitumie, itumieni kuwaeleza neno gumu au kuwapendekezea maswali. Lakini rejeo lolote itakalowapa lihesabuni kuwa halipo mpaka mmelishika. Andikeni kichwa chote ndani ya alama za kunukuu kwenye Google Scholar. Kama rejeo lina DOI, yaani namba ya utambulisho wa makala, iingizeni kwenye tovuti ya doi.org mwone inafungua nini. Ikiwa haifungui kitu, au inafungua makala nyingine kabisa juu ya ugonjwa wa mihogo, mmeshajua.

Nina neno moja zaidi, nalo linahusu mahali ambapo hamtafuti. Mnaweza kuzunguka usiku kucha kwenye intaneti mkitafuta habari za mpango wa kuondoka kwa hiari Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, mwaka 2003 na 2004, ulipowarudisha nyumbani wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa fedha za Benki ya Dunia, na mtapata ripoti zenye majedwali. Someni ripoti hizo. Halafu vukeni barabara. Katika komini zetu, Kenya, Katuba, Ruashi, wapo wazee waliotia saini karatasi zile, na wengine bado wanazo ndani ya sanduku chini ya kitanda, pamoja na barua zao za kudai malipo. Mzee naye ana upande wake, kama ripoti ilivyo na upande wake, na kumbukumbu ya miaka ishirini huchanganya tarehe. Atapimwa kama wengine. Lakini karatasi iliyo sandukuni mwake haijapitia mikono mitano.

Yule binti wa Katuba aliirudisha rasimu baada ya wiki sita. Ile namba ya mpaka mtu wa mwisho ilikuwa imeondoka, na mahali pake aliandika kwamba hesabu ya mwisho ya watu ni ya mwaka 1984, akataja makadirio ya Umoja wa Mataifa kwa jina lake la makadirio, na mwaka wake. Kisha alikuwa amekwenda ofisi ya komini kuomba rejista, akaona kwamba kurasa za baadhi ya avenyu (barabara za mtaa) hazijajazwa kwa muda mrefu, akachukua daftari na kupita avenyu mbili yeye mwenyewe, mlango kwa mlango, jioni nne mfululizo. Siku ya utetezi, mjumbe mmoja wa juri alifunua ukurasa wa 31 na kumwuliza ile namba ya kaya 86 ameitoa kwenye tovuti gani. Akajibu kwamba aliwahesabu yeye, na akaweka daftari mezani.

Umeme bado upo, kwa hiyo tuanze maswali. Aliye na kichwa cha kazi yake aje na simu yake, na tanbihi anayoiamini kuliko zote, tuifuate pamoja. Dada wa safu ya tatu, umeinua mkono tangu nilipomtaja Munongo, anza wewe.